Jinsi Mishipa Isiyoonekana Ilivyopata Shahidi

Wahenga walisema, Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Neno hili twalikumbuka kila tumwonapo mtu alalamikaye kwamba nyayo zake zawaka moto usiku kucha, au kwamba kila asimamapo kizunguzungu humwangusha. Na kumbe ngozi yake ni nzima, wala hana jeraha wala homa. Watu humtazama, wakasema, "Huyu ni mvivu, aikimbia kazi." Basi twataka kusimulia jinsi madaktari walivyotafuta njia ya kuuuliza mwili wenyewe, ili mgonjwa wa namna hii apate shahidi.

Katika mwili wa mwanadamu mna mishipa ya fahamu ya namna nyingi. Iliyo minene huamrisha mikono na miguu. Lakini ziko nyuzi nyembamba mno, nyembamba kuliko unywele, zichukuazo habari za moto, za baridi na za maumivu. Nyingine katika hizo huongoza mapigo ya moyo, jasho, na kubana kwa mishipa ya damu, pasipo sisi kuamuru. Mwaka 1898 John Newport Langley wa Cambridge, Uingereza, aliipa mishipa hiyo ijiendeshayo yenyewe jina ambalo wataalamu walitumia hata leo.

Shahidi wa kwanza alikuwa msukumo wa damu. Mwaka 1925 madaktari wawili wa Marekani, Bradbury na Eggleston, waliandika habari za wagonjwa watatu waliozimia kila waliposimama. Walipowapima wamelala, kisha wamesimama, waliona msukumo wa damu umeshuka sana, nao moyo haukuongeza mapigo yake kama ipasavyo. Tena watu hao hawakuweza kutoka jasho, na wakati wa joto walizidi kuteseka. Hivyo ilijulikana kwamba hawakujisingizia.

Shahidi wa pili alikuwa jasho. Mwaka 1928 daktari Minor wa Moscow alieleza kipimo chepesi. Alichanganya iodini na spiriti na mafuta ya mbarika, akampaka mgonjwa. Ilipokauka, alimnyunyizia unga wa wanga, kisha akamtia joto. Kila msomaji aliyepata kudondosha iodini juu ya muhogo ajua kwamba hugeuka kuwa nyeusi. Ndivyo ilivyokuwa: palipotoka jasho pakawa peusi, na mahali ambapo mishipa imekufa pakabaki peupe. Hata katika ukoma, ugonjwa uharibuo nyuzi hizi, baka huwa kavu kwa sababu iyo hiyo.

Shahidi wa tatu alikuwa moyo. Tangu miaka ya 1970, huko Edinburgh, Uskoti, David Ewing na wenzake waliwapima wagonjwa wa kisukari. Waliwaambia wavute pumzi kwa utaratibu mara 6 kwa dakika. Moyo wa mtu mzima huenda mbio avutapo pumzi, hupunguza mwendo aitoapo. Lakini mishipa ikiharibika, hupiga kwa mwendo mmoja tu. Wakaona tena kwamba wagonjwa wenye dalili na vipimo vibaya walikufa kwa wingi kuliko wenzao. Basi jambo hili si la kuchezea.

Hata hivyo wenye nyayo za moto walikuwa wangali na shida. Madaktari hupima mishipa kwa umeme, lakini umeme ule huonyesha habari za nyuzi nene tu. Mgonjwa aliambiwa, "Mishipa yako ni mizima," akarudi nyumbani na maumivu yake pamoja na aibu. Ndipo katika miaka ya 1990, William Kennedy wa Minnesota, Marekani, na wataalamu wengine, walipoendeleza njia ya kutwaa kipande kidogo cha ngozi, chenye upana wa milimita 3, baada ya kupatia ganzi. Hukitia dawa izipazo nyuzi rangi, wakazihesabu kwa hadubini. Zikiwa chache kuliko za watu wazima wa umri ule, neno la mgonjwa limethibitika.

Twajua kwamba hospitali nyingi hazina vyombo hivi vyote. Lakini kipimo cha kwanza chahitaji kitanda, saa, na chombo cha kupimia msukumo wa damu. Mgonjwa hulala kwanza, kisha husimama. Ikiwa katika dakika 3 kipimo cha juu kimeshuka kwa 20 au zaidi, au cha chini kwa 10, yafaa sababu itafutwe. Hata dawa, au upungufu wa maji mwilini, huweza kuleta hayo.

Basi tusiwe wepesi wa kumhukumu mwenzetu kwa kuwa macho yetu hayakuona kitu. Wale wagonjwa watatu walikuwa wagonjwa kweli hata kabla ya kupimwa. Kipimo hakikuwatia ugonjwa. Kiliwapa shahidi tu.