Ya Nani? Istilahi ya "Redio ya Jamii" Kando ya Ziwa Tanganyika

Istilahi ya Kifaransa radio communautaire bado haijapata kisawe kimoja cha Kiswahili. Tanzania, wenye vituo na wafadhili wao hupenda kusema redio jamii, bila kiunganishi. Kenya utasoma redio za kijamii katika gazeti moja na redio za jamii katika jingine. Upande wa Kongo, kuanzia Uvira hadi Kalemie na Moba, msemaji huenda na Kiswahili chake mpaka afike kwenye jina hilo. Hapo hulichukua la Kifaransa lilivyo, kisha huendelea na safari. Makala haya yanatetea redio ya jamii, yenye ile ya katikati. Yanaitetea hasa kwa ajili ya msikilizaji wa Zongwe, katika mkoa wa Tanganyika, kwa sababu huko neno communauté limebeba mzigo mzito kuliko lilivyokusudiwa na waliobuni istilahi hii.

Tuanze na maana. Mwezi Mei 2001, mjini Windhoek, Namibia, watetezi wa uhuru wa habari barani walipitisha Mkataba wa Afrika wa Utangazaji. Mkataba huo ulitaka sheria za nchi zitambue mafungu matatu: utangazaji wa umma, wa biashara, na wa jamii. Fungu la tatu uliliwekea masharti yanayokwenda pamoja: utangazaji uwe kwa ajili ya jamii, ufanywe na jamii na uihusu jamii; umiliki na uongozi wake uiwakilishe jamii hiyo; ushughulikie maendeleo ya watu; na usitafute faida. Sharti linalorukwa mara nyingi ni lile la umiliki. Mtu akinunua mtambo, akaajiri vijana wa mtaa, akapiga nyimbo za kwao na kutangaza bei za soko lao, amefanya jambo jema, lakini redio bado ni yake. Siku akigombea ubunge, kipaza sauti kitagombea pamoja naye.

Hapo ndipo kiunganishi ya kinapofanya kazi yake. Kisima cha kijiji ni mali ya kijiji: kikikauka wanakijiji huchangishana, na mtu akikifungia kwa kufuli wanakijiji humuuliza amepata wapi idhini. Kijamii ni neno la namna nyingine. Kiambishi ki- hueleza jinsi kitu kilivyo au kinavyofanywa, kama tunavyosema mavazi ya kikwetu au mafunzo ya kidini. Kinaeleza sura, hakitaji mwenye mali. Ndiyo maana mitandao ya kijamii inaitwa hivyo bila mtu yeyote kudhani kwamba ni mali ya jamii. Wenyewe ni makampuni makubwa ya ng'ambo, na jina halikumdanganya mtu. Tukiiita redio ya watu wa Kalemie redio ya kijamii tunaiweka kwenye kapu hilohilo. Redio jamii ina nafuu yake, ni fupi na inakaa vizuri kwenye bango, ila imelimeza swali ambalo istilahi yote imeundwa ili liulizwe: ya nani?

Jamii lenyewe ni neno zuri kwa kazi hii. Limetoka katika shina la Kiarabu la kukusanya, lilelile lililotupa Ijumaa, jamaa na jumuiya. Lakini ndugu hawa hawafanani. Jumuiya ina orodha ya wanachama: Jumuiya ya Afrika Mashariki, au jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki. Jamaa ni damu na ukoo, na huko Katanga neno hilo lina kumbukumbu zaidi, kwa kuwa ndilo jina la vuguvugu la kidini lililozaliwa miaka ya 1950 kutokana na mafundisho ya padre Placide Tempels huko Kolwezi. Jamii ni pana kuliko yote mawili. Inamchukua mvuvi, mwalimu, mhamiaji aliyefika mwaka jana, na mjane asiye na ukoo pale. Kwa Kiswahili cha sokoni Kalemie ningeieleza hivi: radio ya batu bote ba hapa.

Na hapa ndipo Kifaransa cha Kongo kinapoleta hatari. Katika siasa za mashariki ya nchi, communauté mara nyingi ina maana ya kabila. Habari zinaposema conflit intercommunautaire, kila msikilizaji anajua kwamba makabila yamepigana. Mkoa wa Tanganyika, uliozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa, umeyaona hayo kwa uchungu. Mapigano kati ya Watwa na Waluba yaliyoanza miaka michache kabla ya hapo yaliwaka upya mwaka 2016, vijiji vikachomwa, na mamia ya maelfu ya watu wakayakimbia makazi yao, wengi wakiishia kwenye kambi za vibanda vya nyasi kuuzunguka mji wa Kalemie. Mizizi yake ilikuwa ardhi, kodi, kazi za ujira mdogo, na kiu ya Watwa ya kuhesabiwa kuwa raia kamili. Katika mkoa kama huo, mtu akisikia kwamba kumefunguliwa radio communautaire ana haki ya kuuliza: communauté gani? Wetu au wao? Redio ya jamii hujibu swali hilo kabla halijaulizwa, mradi tu wenye redio waishi kwa jina lao. Kamati ya redio ikiwa na watu wa upande mmoja pekee, jina limevunjwa, hata kama limeandikwa mlangoni kwa rangi nzuri. Tunajua pia redio inaweza kufanya nini pale "sisi" inapokuwa ya kabila. RTLM, redio ya Kigali, Rwanda, iliyoanza kusikika mwaka 1993, ilikuwa changamfu, ilizungumza lugha ya mtaani, ilipokea simu za wasikilizaji na kuwapigia muziki; mwaka 1994 iliwaelekeza wauaji katika mauaji ya kimbari.

Swali la umiliki lina historia yake, na Afrika Mashariki iliionja mapema. Mwaka 1982, kwa msaada wa UNESCO, kituo kidogo kilifunguliwa Homa Bay, Kenya, kwa mitambo ya bei nafuu, kikitangaza kwa Kijaluo. Wengi hukitaja kuwa redio ya kwanza ya aina hii barani. Lakini kilikuwa chini ya wizara, na mwaka 1984 serikali ilikifunga. Wasikilizaji walipoteza kitu walichokipenda bila kuwa na karatasi hata moja ya kuwatambulisha kuwa wenye nacho. Miaka 20 baadaye, Makueni, vikundi vya wanawake vilivyokuwa vimeungana kwa ajili ya maji, mikopo na kilimo vilianzisha redio ya Mang'elete. Pale wenye redio walikuwepo kabla ya redio yenyewe. Walikuwa na viongozi waliowachagua, daftari la michango, na mazoea ya kukutana na kugombana bila kuvunjika. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko ya mitambo.

Amerika ya Kusini ilionyesha njia zote mbili mapema zaidi. Mwaka 1947 padre José Joaquín Salcedo alianzisha Radio Sutatenza katika milima ya Kolombia, na kwa miaka mingi ikawafundisha wakulima kusoma, kuandika na kuhesabu. Ilikuwa kwa ajili yao. Mwenyewe alikuwa Kanisa. Bolivia, wachimbaji wa madini ya bati walikwenda mbali zaidi: vyama vyao vya wafanyakazi vilijenga vituo vyao, na wachimbaji wakavilipia kwa kukatwa sehemu ya mishahara yao. Jeshi lilipopindua serikali mwaka 1980, vituo hivyo vilipokezana habari usiku na mchana mpaka askari walipovifikia kimoja baada ya kingine. Mtu anayekatwa mshahara wake kwa ajili ya redio haelezwi maana ya ya.

Turudi Kongo. Redio inayosikilizwa na kuaminiwa sana ni Radio Okapi, iliyoanzishwa tarehe 25 Februari 2002 na ujumbe wa Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Fondation Hirondelle la Uswisi. Hutangaza kwa Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Kiluba cha Kasai na Kikongo. Mchango wake kwa nchi iliyokuwa imekatwa vipande na vita hauna mfano, na waandishi wake wameulipia kwa maisha, miongoni mwao Serge Maheshe, aliyeuawa Bukavu mwaka 2007, na Didace Namujimbo mwaka uliofuata. Hata hivyo si redio ya jamii kwa maana ya istilahi yetu. Bajeti yake hupangwa New York na Kinshasa, na mkazi wa Zongwe hana kura ndani yake.

Mfano wa Kikongo wa redio ya jamii ni Radio Maendeleo ya Bukavu, iliyozaliwa mwaka 1993 kutoka kwa mashirika ya kiraia ya Kivu Kusini. Mwaka 1999 waasi wa RCD waliokuwa wakitawala mji waliifunga. Ilirudi hewani baadaye, kwa sababu wale waliokuwa nyuma yake walibaki: vyama, wanachama, watu wa kudai. Katika mkoa huohuo, chama cha Samwaki, kifupi cha Sauti ya Mwanamke Kijijini, kilianzisha Bubusa FM huko Mugogo, redio ya wanawake wa vijijini. Chama hichohicho kilishirikiana na FAO katika kuunda vikundi vya wasikilizaji vinavyoitwa Klabu za Dimitra. Wanawake na wanaume hukaa pamoja wakizunguka redio moja inayotumia jua au ya kuzungusha kwa mkono, husikiliza, hujadili, kisha hurudisha hoja yao studio. Baadaye klabu za namna hiyo zililetwa Tanganyika, na Watwa na Waluba wakaketi pamoja ndani yake. Naona vikundi hivi vimeitafsiri istilahi yetu vizuri kuliko kamusi yoyote, kwa kuwa mwanamke asiyeweza kulipa nauli ya kwenda studio anaweza kutembea mpaka chini ya mwembe klabu inapokutana.

Kuna jina jingine la Kifaransa linaloenea Kongo, radio de proximité, yaani redio iliyo karibu. Lina faida ya kukwepa utata wa communauté, na vituo vingi vimejikusanya chini yake. Mimi ningelitafsiri redio ya jirani na kuliacha lifanye kazi yake ndogo. Ukaribu hupimwa kwa kilomita. Redio ya mfanyabiashara, ya kanisa na ya mheshimiwa zote zaweza kuwa karibu.

Kilomita zenyewe zina umuhimu wake, hasa ufukweni. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka. Mtambo wa wati 100 wenye antena juu ya kilima waweza kufika makumi ya kilomita juu ya maji wazi, na ukazimwa na kilima kimoja upande wa bara. Ndiyo sababu kijiji cha ufukweni chaweza kupata matangazo ambayo jirani yake wa nyuma ya mlima hayapati. Na ziwa linahitaji redio. Desemba 2014 meli ya Mutambala ilizama upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, na zaidi ya watu 100 wakafa. Kipindupindu hakiishi Kalemie, kwa kuwa watu wengi huteka maji ziwani na katika mto Lukuga. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda na kuingia majumbani. Upepo wa kusi, mashua iliyojazwa kupita kiasi, dawa ya maji inayogawiwa mtaa fulani, barabara iliyokatika: habari hizi huharibika haraka, na kutoka Kinshasa hazifiki kwa wakati hata zikitangazwa.

Pesa ndiyo sehemu ngumu, na ndiyo inayoigeuza istilahi kuwa uongo polepole. Umeme ni wa shida, mafuta ya jenereta ni ghali, paneli za jua huhitaji betri mpya kila baada ya miaka michache. Watangazaji wengi hujitolea. Mapato ya uhakika ni matangazo madogo ya kulipia, ambayo Wakongo huyaita communiqués: msiba, harusi, mbuzi aliyepotea, cheti kilichookotwa. Ningeshauri Kiswahili kiyaite matangazo ya wananchi, kwa sababu ndiyo mchango ambao kila mtu anauweza. Upande wa pili upo mtindo unaoitwa coupage, ambao Tanzania huitwa bahasha: mwenye habari humlipa mwandishi ili aandikwe. Mtangazaji asiye na mshahara huikubali, na siwezi kumhukumu kwa ukali, lakini maskini wa kijijini hana bahasha, na habari yake haisikiki. Mfadhili wa nje naye hulipia kipindi cha chanjo leo na cha uchaguzi kesho, na ratiba hufuata fedha. Sharti la kutotafuta faida halikatazi redio kuingiza pesa. Linakataza pesa hiyo kuishia mfukoni mwa mtu.

Kwa hiyo anayeandika katiba ya chama cha redio kwa Kiswahili asiishie kwenye jina. Assemblée générale ni mkutano mkuu, na aeleze nani ana kura: mkazi yeyote wa eneo, au aliyelipa kiingilio tu? Comité de gestion ni kamati ya uendeshaji, na aandike nafasi za wanawake, za Watwa, za wavuvi, za vijiji vya mbali kama Zongwe, pamoja na muda wa uongozi. Kisha kiwepo kifungu ambacho wengi hukiruka kwa kuona ni mkosi: chama kikivunjika, mtambo, mnara na betri vitakwenda kwa nani. Iandikwe kwamba vitakwenda kwa chama kingine cha jamii hiyo kisichotafuta faida, na kwamba mwanzilishi, hata kama ndiye aliyenunua waya wa kwanza, hana fungu lake.