Simba mwenye mwenyewe: namna uzio ulivyogeuza uwindaji Afrika ya Kusini

Hapa Kongo mnyama wa pori ni wa Leta. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inasema nani anaweza kuwinda, wapi, na kwa kibali gani. Mkulima wa Rutshuru ambaye tembo wamemmalizia mahindi usiku hawezi kuamka asubuhi na kusema tembo hao ni wake kwa sababu walilala shambani mwake. Anapiga kelele, anapiga ngoma, anawaita walinzi wa parke, basi.

Afrika ya Kusini mambo si hivyo. Kule mtu binafsi anaweza kuwa mwenyewe wa kifaru, wa nyati, hata wa simba, sawa na mtu wa Masisi alivyo mwenyewe wa ng'ombe wake. Kinachomfanya awe mwenyewe ni uzio. Na mabishano makubwa ya miaka karibu thelathini kuhusu matajiri wanaolipa ili kuua simba ndani ya uzio hayaeleweki kama mtu hajui uzio huo ulitoka wapi.

Zamani sheria ya nchi ile, iliyoletwa na Waholanzi nao wakiwa wameirithi kwa Waroma, ilisema mnyama wa pori hana mwenyewe mpaka mtu amkamate au amuue. Akivuka kwenda kwa jirani, ni bahati ya jirani. Sheria ya namna hiyo ikikutana na bunduki nyingi, matokeo yake yanajulikana. Kwaga, aina ya punda milia aliyekuwa na mistari upande wa mbele tu, alimalizwa kabisa. Wa mwisho alikufa mwaka 1883 katika bustani ya wanyama ya Amsterdam, mbali na kwao. Vifaru weupe walibaki chini ya mia moja mwishoni mwa karne ya 19, huko Umfolozi katika nchi ya Wazulu. Swala anayeitwa bontebok, mwaka 1931 alipotengewa parke yake, walihesabiwa 17 tu.

Mwaka 1991 ikaja sheria ya wizi wa wanyama wa pori. Ilisema hivi: mwenye shamba aliyejenga uzio wa kutosha, na kupata cheti cha wakuu kinachothibitisha hivyo, atabaki mwenyewe wa wanyama wake hata kama wametoroka. Maneno machache, lakini yaligeuza nchi. Wazungu waliokuwa wakifuga ng'ombe na kondoo katika ardhi kavu waliona kwamba swala hahitaji dawa nyingi, anakula majani yaliyopo, na mgeni kutoka Marekani au Ujerumani atalipa dola ili ampige risasi na kubeba pembe zake nyumbani. Wakauza ng'ombe, wakainua waya. Leo mashamba ya wanyama ya watu binafsi yanakadiriwa kufika 9,000.

Wanaotetea mashamba hayo wana hoja, na si haki kuipuuza. Bontebok wamerudi kwa maelfu, na wengi wako kwa watu binafsi. Vifaru weupe walianza kuhamishwa kutoka Umfolozi miaka ya 1960, wakapelekwa pia kwa wenye mashamba, na sasa zaidi ya nusu ya vifaru weupe wa nchi hiyo wako mikononi mwa watu binafsi, wanaolipa walinzi wenyewe. Mnyama mwenye bei analindwa. Nani katika Kivu atabisha? Katika Parke ya Virunga viboko walikuwa zaidi ya 20,000 miaka ya 1970. Ilipofika katikati ya miaka ya 2000, baada ya vita kupita na kupita tena, walikuwa hawafiki 1,000. Walikuwa mali ya Leta, lakini Leta haikuwepo.

Tatizo lilikuja na simba. Swala ndani ya shamba la hekta elfu kumi anakimbia, anajificha, anaweza kumshinda mwindaji. Simba si hivyo, kwa sababu simba anayezurura anakula mali ya mwenye shamba. Basi akafugwa katika vizimba. Mwaka 1997 televisheni ya Uingereza, katika kipindi cha Cook Report, ilionyesha jike la simba lililotenganishwa na watoto wake kwa uzio likipigwa risasi. Watu wengi duniani walijua siku hiyo kwamba biashara hiyo ipo.

Namna inavyofanyika ni hii. Watoto wa simba wanaondolewa kwa mama wakiwa bado wachanga, ili mama apate mimba nyingine upesi. Watalii wanalipa kuwanywesha maziwa na kupiga nao picha, wengine wakiamini wanasaidia yatima. Wakikua, watalii wengine wanalipa kutembea nao. Dume likiota manyoya ya shingo, linauzwa kwa mwindaji na kufunguliwa katika eneo lenye uzio, wakati mwingine siku chache tu kabla ya kupigwa. Mifupa inasafirishwa Asia. Mnyama mmoja anauzwa mara nne, na hajawahi kuona pori.

Mwaka 2007 serikali iliweka masharti: simba wa kufugwa aachiliwe huru miezi 24, ajitafutie chakula, ndipo awindwe. Wafugaji wakaenda mahakamani. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Rufaa ikawapa haki, ikaona kwamba muda huo wa miezi 24 hauna msingi wa maana, kwa kuwa simba hao hawakuwa sehemu ya kazi ya kuhifadhi simba wa pori. Yaani kile kile ambacho wapinzani walikuwa wakikilalamikia ndicho kilichowaokoa wafugaji.

Hapa watu wengi huchanganya na kisa cha Cecil. Cecil aliuawa Zimbabwe Julai 2015 na daktari wa meno kutoka Marekani, lakini alikuwa simba wa pori wa Parke ya Hwange, hakufugwa. Hasira ya watu ndiyo iliyovuka mpaka. Novemba mwaka huo chama cha wawindaji wa kitaaluma cha Afrika ya Kusini kilijitenga na uwindaji wa simba wa vizimba. Mwaka 2017 kikageuza uamuzi huo, na baadhi ya wanachama wakatoka. Wawindaji wenyewe hawapatani. Boone and Crockett, chama cha Marekani alichoanzisha Theodore Roosevelt mwaka 1887, hakiandiki katika daftari lake mnyama aliyeuawa ndani ya uzio asioweza kuutoroka. Mei 2021 waziri Barbara Creecy alitangaza kwamba ufugaji wa simba kwa biashara utafungwa, na Machi 2024 baraza la mawaziri likapitisha siasa hiyo. Vizimba vilikuwa vimefika mamia, na simba ndani yake maelfu.

Katika kelele zote hizo, wanaotajwa kidogo ni watu. Shamba la ng'ombe likigeuka shamba la wanyama, familia za wafanyakazi weusi zilizoishi pale vizazi vitatu au vinne zinaambiwa kwamba nyati na watoto wa shule hawawezi kupita njia moja. Sheria ya mwaka 1997 inakataza kuwafukuza bila amri ya mahakama, lakini makaburi ya wazee wao yanabaki upande wa ndani, na funguo ya geti iko kwa bwana.

Wamakuleke waliyajua hayo mapema. Mwaka 1969 serikali ya ubaguzi iliwatoa kwa nguvu kati ya mito Limpopo na Luvuvhu, ikaunganisha ardhi yao na Parke ya Kruger. Walidai, na mwaka 1998 wakarudishiwa hati ya hekta zaidi ya 20,000. Walikubali ardhi ibaki ya hifadhi na wasijenge tena vijiji humo. Kisha wakauza ruhusa ya kuwinda tembo na nyati wachache sana, bila kizimba chochote. Watetezi wa wanyama walilalamika. Wazee wakauliza kwa nini wenye mashamba wanawinda kila siku na wao, wenye nchi, wasiwinde. Baadaye waliegemea zaidi hoteli za watalii. Sehemu ya pesa inaingia katika mfuko wa chama chao cha ardhi. Wenyewe bado wanaishi Ntlaveni, nje ya parke, pale walipomwagwa mwaka 1969.