Maombi ya Harlem: Kanisa la Weusi wa Marekani na UKIMWI

Mwezi Juni 1981 ilitolewa nchini Marekani taarifa ya kwanza ya kitabibu kuhusu maradhi ambayo baadaye yaliitwa UKIMWI. Ilihusu wanaume watano wa Los Angeles, waliojamiiana na wanaume wenzao. Habari ikaenea kwamba huo ni ugonjwa wa Wazungu, tena wa Wazungu wa namna fulani, na Weusi wengi wakafarijika kwa uongo huo. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilionyesha kwamba robo ya wagonjwa walikuwa Weusi, hali wao walikuwa kama asilimia 12 tu ya wananchi.

Kwa nini Kanisa lililosimama imara enzi za Martin Luther King lilinyamaza? Haitoshi kujibu kwamba wachungaji waliuona ugonjwa huu kuwa adhabu, ijapokuwa wengi walihubiri hivyo. Palikuwa na jeraha la zamani. Tangu 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, Alabama, idara ya afya ya serikali iliwachunguza wanaume Weusi wapatao 600, kati yao 399 wenye kaswende, bila kuwaambia ukweli, wala kuwatibu kwa penisilini ilipopatikana. Watu waliotendewa hayo wangeliaminije neno la daktari wa serikali? Isitoshe, kwa karne nyingi walikuwa wamesingiziwa uasherati. Kuutaja ugonjwa huu hadharani kulionekana kama kumpa mshitaki ushahidi. Basi makaburini ikatajwa saratani, au homa ya mapafu.

Pernessa Seele, mtaalamu wa kinga ya mwili, alikuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Harlem, New York. Huko aliwakuta wagonjwa wakifa bila mchungaji wa kuwaombea. Mwaka 1989 alianzisha Juma la Maombi la Harlem, na nyumba za ibada zipatazo 50, makanisa, misikiti na masinagogi, zikashiriki. Twaona hapa busara kubwa. Mchungaji aliyekataa katakata kusikia habari za kondomu hangeweza kukataa kuomba. Na akishautaja ugonjwa kwa jina lake mbele ya usharika, mama aliyemficha mwanawe chumbani angepata pa kuanzia. Kazi hiyo ilizaa shirika la The Balm in Gilead, ambalo jina lake latokana na swali la Yeremia 8:22, nalo baadaye lilifika hata Tanzania.

Lakini tusiipambe historia. Wapo walioombea wagonjwa Jumapili moja, na Jumapili iliyofuata wakawalaani mimbarani wanaume wapendao wanaume, ambao miongoni mwao walikuwamo waimbaji na wapiga kinanda wa makanisa hayo hayo. Carl Bean, mwimbaji wa nyimbo za Injili aliyekuwa mmoja wa watu hao, alianzisha huduma ya UKIMWI kwa ajili ya maskini wa Los Angeles mwaka 1985, miaka minne kabla ya Harlem. Usharika wa kumpokea yeye na wagonjwa wake ilimbidi auanzishe mwenyewe.