Kuchangia skuli za Ngara na Biharamulo: sadaka na nafuu ya kodi

Mfanyabiashara wa Unguja au Pemba anayetaka kuchangia bweni au madarasa Ngara au Biharamulo, mkoani Kagera, ajue kuwa kodi ya mapato ni jambo la Muungano. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamhusu naye.

Kifungu cha 16 kinamruhusu kuondoa mchango huo katika mapato ya biashara kabla ya kukokotoa kodi. Akitoa kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa na TRA, ukomo ni asilimia 2: kwenye milioni 50, ni milioni 1. Akipitia Mfuko wa Elimu ulio chini ya Mamlaka ya Elimu Tanzania, ukomo huo haupo. Mwenye mshahara tu hana nafuu hii.

Wapo wanaodhani hurudishiwa chote. La. Kampuni inayotozwa asilimia 30 ikitoa milioni 1, kodi hupungua 300,000 tu; 700,000 ni zake mwenyewe.

Tena hii ni sadaka, si zaka. Zaka ina makundi manane, Surat Tawba aya ya 60, na wanazuoni wengi hawakuruhusu ijengewe majengo. Mwanafunzi fakiri hupewa mwenyewe. Kudai nafuu hakubatilishi sadaka, maadamu nia ni ya Allah na risiti ni za kweli.

Wallahu a'lam.