Kamera iliyokatazwa kusogea

Leo tuache kodi (si ile ya KRA!) tuzungumze kamera.

Mchukue mgema wa Kaloleni. Ukimpiga kutoka mbali unaona mnazi na mtu mdogo juu yake. Habari tu. Weka kamera penye shina itazame juu, na tumbo la mtazamaji linakaza, maana sasa urefu ule ni wake. Kisha sogea karibu: vidole vya mguu vinatafuta pa kukanyaga, halafu uso. Hakuna aliyetaja hofu, lakini umeipata. (Omba ruhusa kwanza, ana kotama mkononi.)

Sasa sikiliza. Kuna watu waliowahi kuamua kwamba sisi lugha hii hatuiwezi.

Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham walitengeneza filamu 35 za mafunzo, kwa fedha za Carnegie: safura, mmomonyoko wa udongo, faida ya kuweka akiba posta. Mradi ukaisha. Mwaka 1939 Uingereza ikaanzisha Colonial Film Unit chini ya William Sellers, aliyekuwa ofisa wa afya Nigeria. Bwana huyu aliamini kwamba Mwafrika wa kijijini hasomi picha kama Mzungu. Basi yakaja masharti. Kamera isigeuzwe huku na huku, mtazamaji asije akaona miti inakimbia. Ujanja wa kukatakata picha uachwe. Kila kitu kiende polepole, hatua kwa hatua.

Ushahidi uliopendwa sana ni kisa cha mbu: eti wanakijiji walionyeshwa mbu aliyejaza skrini, wakasema kwao hakuna mbu wakubwa hivyo, kwa hiyo hawana la kuogopa. Kisa hiki kimesimuliwa kwa namna nyingi mno hata mimi nakishuku. Na hata kama kilitokea, nani anajua kama mzee yule hakuwa anatania?

Sisi waandishi wa programu tunamjua mtu wa aina ya Sellers. Anaamua mtumiaji ataelewa nini kabla ya kumuuliza. Na mtumiaji alikuwa ameshaulizwa! Mwaka 1929 Julian Huxley alizunguka Afrika Mashariki na filamu, akawaonyesha wanafunzi, akaripoti kwamba walizielewa. Miaka 10 baadaye dhana ikabaki ileile.

Huku pwani, Zanzibar ilikuwa na Royal Theatre tangu 1921. Kitengo cha Sellers kilifungwa 1955; miaka miwili baadaye ikatoka Mother India, uso wa Nargis ukijaza skrini, mama anayempiga risasi mwanawe wa kumzaa. Watu wasiojua neno la Kihindi waliielewa filamu ile.

Lakini masharti hayakufa. Video za afya na kilimo ninazoletewa hapa Kilifi niziingize kwenye programu za simu, nyingi kamera imesimama mbali kama mlinzi, msimulizi anaeleza kila kitu. Nikiuliza sababu naambiwa watu wa mashambani wanataka vitu rahisi. Watu haohao jioni wanatazama filamu za mapigano za Kichina zenye mikato ya nusu sekunde, na hawapotei!

Itakayofuata nitaomba angalau uso mmoja wa mkulima, karibu, sekunde tano, bila msimulizi.