Kiota Kilichosubiri Miaka Mia

Mnana wa Kilifi alipewa jina la kisayansi mwaka 1913, lakini kiota chake hakikujulikana kwa wataalamu hadi 2013, huko Dakatcha, kaskazini mwa mto Sabaki, pwani ya Kenya. Karne nzima! Naona kilichokosekana si kamera, bali kujua pa kutazama. Ndege huyu hula wadudu juu kabisa kwenye miti ya mirihi ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kundi likipita upesi, dume kichwa cheusi na tumbo la manjano. Ilikuwa rahisi kudhani anatagia humohumo mitini. Kumbe hufuata mvua: bwawa la msimu likijaa, hufuma viota kwenye ndago zilizosimama majini, hulea makinda, kisha huyo, keshahama.

Mtu atasema, bila picha nani angesadiki? Kweli, picha ni ushahidi, na ndege adimu huhitaji ushahidi ili makazi yake yatetewe. Ila ushahidi huja baada ya kujua usimame wapi na mwezi gani, na hapo anayeijua mvua ya Magarini, iliko Dakatcha, humshinda mwenye lenzi ndefu. Tena mpigapicha anayesogea mno huwafukuza wazazi, makinda wakabaki juani.