Njia ya Kwenda Majini



Ni desturi yetu katika taarifa ya kila mwaka, baada ya hesabu ya fedha na habari za misiba tuliyosaidia, kuweka kurasa chache za historia, ili vijana wapate kusoma na wazee wapate kusahihisha. Mwaka huu twaandika juu ya jambo lililotokea mbali sana na Marani, yaani jinsi watu wa pwani walivyofungiwa njia za kwenda baharini. Huenda mtu akauliza: sisi tulio watu wa vilima, bahari yatuhusu nini? Twamwomba avumilie kidogo, maana habari hii itarudi nyumbani kabla haijaisha.

Tulianza kuifikiri siku tulipoteremka Mombasa kumchukua mwenzetu marehemu, aliyekuwa akifanya kazi huko, ili azikwe kwao kama ipasavyo. Karatasi za ruhusa hazikuwa tayari hata kesho yake, tukawa na siku nzima ya kungoja. Pamoja nasi walikuwamo wazee wawili ambao hawajapata kuiona bahari maishani mwao. Wakasema, "Wanetu, tusije tukarudi nyumbani tukaulizwa bahari ikoje, tukakosa la kujibu." Basi tukavuka daraja la Nyali, tukashuka garini, tukakata njia upande wa kulia kuyatafuta maji.

Tulikuta ukuta, na baada ya ukuta lango, na baada ya lango ukuta mwingine. Ndani twaliona majani yaliyokatwa vizuri, minazi iliyopandwa kwa mstari, na maua ya kila rangi. Sauti ya mawimbi twaisikia, lakini maji hatuyaoni. Mwishowe tukapata kichochoro kati ya kuta mbili, tukakifuata kwa furaha. Mwisho wake palikuwa na lango la chuma lenye kufuli. Bawabu alitoka akawaamkia wazee shikamoo, kisha akasema kwa adabu, "Samahani, wazee wangu, hapa ni pa wageni wa hoteli. Nendeni Pirates." Hapo alitaja Ufuo wa Umma wa Jomo Kenyatta, ulioko Bamburi, ambao watu wote huuita kwa jina hilo. Tukaenda. Mzee mmoja akainama, akachota maji kwa kiganja, akayaonja, akatema, akacheka sana. Kisha akatuuliza swali ambalo halijatutoka moyoni: "Ile njia yenye kufuli, ilifungwa lini, na mashahidi walikuwa nani?"

Tumejaribu kutafuta jibu, nalo ni hili.

Katika Kiswahili neno pwani latokana na kupwa: ni mahali ambapo maji hujaa na kupwa. Huko Mombasa maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, hata mahali palipokuwa bahari asubuhi pakawa uwanja wa mchanga adhuhuri. Uwanja huo ulikuwa kazi ya watu na chakula chao. Wavuvi walivuta ngalawa zao hapo, akina mama walitafuta pweza na chaza, na watoto walicheza. Shamba la minazi lilikuwa na mwenyewe. Lakini njia iliyopita katikati ya minazi kwenda kwenye diko la ngalawa ilikuwa ya wote, na mwenye shamba aliipita kama wengine. Hapakuwa na mtu aliyeona haja ya kuiandika, maana nani angeweza kuikana?

Mwaka 1895 Sultani wa Unguja alikubaliana na Waingereza waitawale nchi ya pwani yenye upana wa maili 10, nao wamlipe kodi kila mwaka. Mwaka 1908 serikali yao ikatoa sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya pwani. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa aje mbele ya mwandikishaji, alete ushahidi, apewe hati. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali ya Mwingereza. Waliojua kusoma na waliokuwa karibu na ofisi walipata hati. Wengi katika Wamijikenda, waliotumia ardhi kwa ukoo na kwa kijiji, hawakupata kitu. Na hapa ndipo penye shina la jambo lenyewe: mtu mmoja aliweza kwenda kudai shamba lake, lakini hapakuwa na mtu wa kwenda kudai njia ya watu wote. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Njia zile hazikuwamo katika daftari.

Hata hivyo hazikufungwa siku ile. Kwa muda wa miaka mingi mwenye hati na mvuvi waliendelea kupishana katika njia moja, kwa ujirani mwema. Mwezi wa Oktoba 1963, kabla ya Uhuru, ilikubaliwa kati ya serikali ya Kenya na ya Unguja kwamba hati za pwani zitaheshimiwa. Baada ya Uhuru biashara ya watalii ikakua, na mashamba ya ufuoni, kutoka Diani upande wa kusini hata Malindi upande wa kaskazini, yakageuka kuwa viwanja vya hoteli na nyumba za kupumzikia. Mwenye minazi alipouza, aliuza kile kilichoandikwa. Ujirani haukuwa umeandikwa, kwa hiyo mnunuzi hakuupokea. Yeye akaja na seremala, na mwashi, na mtunza bustani. Akapanda majani juu ya njia, akapanda ua wa maua mahali pa kupitia, akajenga ukuta kuzuia mawimbi. Hakuna aliyesikia kelele, maana bustani haipigi kelele.

Sheria haikukaa kimya kabisa. Kanuni za Upimaji wa mwaka 1994 zilielekeza kwamba ardhi ya serikali iliyo kando ya bahari ipimwapo ili kugawiwa, iachwe nafasi isiyopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa, ila Waziri aliweza kuruhusu pungufu. Lakini kanuni hiyo yahusu ardhi ya serikali ambayo haijagawiwa. Ardhi iliyokwisha kupewa hati tangu zamani haikuguswa. Kisha Katiba ya 2010, katika kifungu cha 62, ikasema wazi ya kuwa ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Na Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 12, ikakataza kugawa ardhi ya umma iliyo kando ya fuo, maziwa na madiko ya wavuvi.

Mtu atasema, basi haki imerudi. Ndiyo, mchanga ni wetu, lakini twaufikiaje? Ardhi hiyo ya umma ni ile ifunikwayo na bahari mara mbili kila siku. Upande mmoja ina maji, upande wa pili ina ukuta wa mtu. Na tena, pale ukuta ujengwapo karibu na mawimbi, mara nyingi maji yakiupiga hurudi kwa nguvu na kuuchukua mchanga ulio mbele yake, hata ufuo wenyewe ukapungua. Kuwa na haki ya ufuo bila njia ya kuufikia ni kama kuwa na chakula ndani ya nyumba ambayo ufunguo wake u kwa mwingine. Hivyo ndivyo tulivyoona kwa macho yetu siku ile.

Si Kenya peke yake yenye shida hii. Katika jimbo la Oregon, huko Marekani, mwenye nyumba moja ya wageni alizungushia mchanga uzio mwaka 1966, akasema ni kwa wageni wake tu. Watu walipandwa na hasira, na mwaka uliofuata, 1967, baraza la kutunga sheria la jimbo likapitisha sheria ya kulinda fuo kwa ajili ya wote. Wenye viwanja wakaenda mahakamani. Mwaka 1969 Mahakama Kuu ya jimbo ikawapa umma haki, na sababu yake yafaa wazee wetu waisikie: ilisema kwamba watu wa nchi ile walikuwa wameutumia mchanga ule tangu zamani za zamani bila kukatizwa, na desturi ya namna hiyo ina nguvu ya sheria. Yaani walishinda kwa sababu desturi ilikumbukwa, na waliokumbuka walisema mapema, kabla uzio haujazeeka.

Sasa turudi Marani.

Sisi hatuna bahari, lakini tuna vijito, na tuna chemchemi zetu, ambazo kwa Ekegusii twaziita ensoko. Wazee wajua ya kuwa ensoko haikuwa ya mtu mmoja. Njia za kwenda huko, na njia za kupeleka ng'ombe mtoni, zilipita mashambani, na kila mtu alijua pa kupita. Kisha nasi tukaletewa daftari. Sheria ya Ardhi Iliyoandikishwa ilitoka 1963, na Sheria ya Kuamua Haki za Ardhi ikatoka 1968. Mashamba yakapimwa, mipaka ikawekwa, ramani ikatolewa, na wenye malalamiko wakapewa siku 60 za kuyaleta. Tuliyashughulikia mashamba yetu kwa bidii kubwa. Je, ni wangapi waliokwenda kutazama kama njia ya ensoko imo katika ramani?

Matokeo yake twayaona. Kwa hesabu ya watu ya 2019 Kisii Kaunti ilikuwa na watu 1,266,860, karibu 960 katika kila kilomita ya mraba. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, na la wana kwa wajukuu. Kila upenyo wa njia waonekana ni ardhi inayopotea bure. Mmoja apanda mikaratusi kwenye chanzo cha maji kwa kuwa yauzika. Mwingine achimba udongo wa matofali katika bonde. Wa tatu azungusha seng'enge. Na tusijidanganye kwamba mwenye kufunga ni mgeni tajiri kama kule pwani. Hapa kwetu ni jirani kwa jirani, na ndugu kwa ndugu. Mashauri mawili ya namna hiyo yaliletwa mbele ya kamati yetu, na katika yote mawili mlalamikaji na mlalamikiwa ni wanachama wa Chama hiki. Nao walalamikiwa hawakukosa neno: walisema ng'ombe wa watu hukanyaga chai yao, na kwamba ardhi waliinunua kwa jasho. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini ni kweli pia kwamba mama mwenye mtungi sasa azunguka kilima kizima ili kuyafikia maji ambayo mama mkwe wake aliyafikia kwa hatua chache.

Lakini hatujachelewa kama watu wa pwani. Sheria ile ya 1963, katika kifungu cha 30, ilisema kwamba haki za njia na haki za maji zilizokuwapo siku ardhi ilipoandikishwa mara ya kwanza zaifunga ardhi hiyo hata kama hazikuandikwa katika daftari. Na Sheria ya Uandikishaji wa Ardhi ya 2012, katika kifungu cha 28, imelishika neno hilo. Maana yake ni kwamba njia ya zamani haikufa kwa sababu ya hati. Ila yahitaji shahidi, mtu wa kusimama na kusema, "Nilipita hapa kabla ya vipimo, na baba yangu alipita." Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1970 sasa amepita miaka 70. Kila tukizika mzee, twazika na njia pamoja naye.

Kwa hiyo kamati yaleta mbele ya Mkutano Mkuu shauri hili. Kila kijiji kichague wazee wawili, akina mama wawili, maana wao ndio wabeba maji na wazijua njia kuliko sisi wanaume, pamoja na kijana mmoja ajuaye kuandika vizuri. Watembee kila njia iendayo ensoko au mtoni. Waandike yaanzia wapi, yaishia wapi, upana wake ni hatua ngapi, na nani aikumbuka tangu lini. Mwenye shamba aitwe awepo, asikilizwe, na palipo na hasara ya mimea ikubaliwe njia nyembamba yenye ua pande zote mbili, ili ng'ombe wasiingie shambani. Kisha watie sahihi mbele ya naibu wa chifu. Nakala moja ipelekwe ofisi ya ardhi, na nyingine ikae katika sanduku la Chama pamoja na vitabu vya fedha. Tena wote wakumbushwe ya kuwa kanuni za 2006 zilikataza kulima au kujenga ndani ya mita 6 hadi 30 kutoka ukingo wa mto, kupimwa kutoka pale maji ya mafuriko yalipowahi kufika.

Gharama yake ni ndogo, na ugomvi utakaozuiwa ni mkubwa. Twajua kazi hii itawaudhi baadhi yetu, hata ndani ya kamati. Yafaa kuudhiana sasa tukiwa hai kuliko kuwaachia watoto kesi ambayo mashahidi wake wako makaburini.

Yule mzee aliyeonja maji ya bahari alituuliza njia ilifungwa lini, na mashahidi walikuwa nani. Kule pwani hatukuweza kumjibu. Wajukuu wetu wakija kuuliza swali hilo juu ya ensoko za Marani, na wafungue sanduku la Chama, wapate jibu lenye tarehe na majina.

Sisi tulio watumishi wenu katika kamati.